Amana Iliyokaa kwa Mama Dalia

Azza alikuwa na simu kama watu wote, lakini kwa Candida hakuwahi kuitumia. Kati ya nyumba yake na duka la Candida, pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, palikuwa na upana wa barabara tu. Akiwa na neno alitoka na baibui lake mpaka ukingoni, akaita kwa sauti iliyopita juu ya honi na spika za wauza dawa ya mende, na Candida akamsikia. Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipolia na jina la Mama Dalia likatokea, Candida aliziacha zipu alizokuwa anazifunga dazeni dazeni, akapokea akiwa amesimama.

"Mama Jovin, una mteja?"

"Sina. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Njoo nyumbani. Usije mbio mbio kama mtu wa kuomba chumvi. Njoo na nafasi."

Candida akamwomba jirani muuza vitambaa amtazamie duka, akavuka.

Walikuwa majirani tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Candida alitoka Kibosho, akaletwa Kariakoo na mumewe Isidori baada ya ndoa, wakapanga vyumba viwili na fremu ya duka kwa Muhannad, mume wa Azza, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut. Waume wote wawili walikuwa marehemu sasa. Wajane wao walikuwa wameshazoea kuitana Mama Jovin na Mama Dalia kiasi kwamba kila mmoja alipolisikia jina la mwenzake la kuzaliwa alishtuka kidogo, kama ametajiwa mtu mwingine.

Azza alimkaribisha uani. Kahawa ilikuwa tayari, na sahani ya halwa.

"Jina langu limetoka," alisema. "Nakwenda Makka, inshallah. Mwanangu Abdulmalik ananisindikiza."

Candida alimshika mikono yote miwili. Alijua rafiki yake ameisubiri safari hiyo muda gani, na mara ngapi aliiahirisha kwa ajili ya ada ya mjukuu au ugonjwa wa mtu mwingine. "Mungu ni mwema, Mama Dalia. Uniombee na mimi huko."

"Nitakuombea. Lakini kwanza kuna mambo ya huku." Azza akatoa ufunguo kwenye pindo la mtandio. "Nimeshazunguka kwa watu kuwaomba radhi. Kwa shangazi, kwa yule tuliyegombana naye juu ya mfereji, kwa wote. Na mtu haendi safari ile huku ana kitu cha mtu chini ya paa lake. Amana ya mumeo ipo. Ichukue."

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko. Ndani yake mlikuwa na mikeka, masufuria makubwa ya shughuli na vitanda viwili vilivyofunguliwa. Kwenye kona, chini ya turubai na khanga tatu zilizopangwa kama shuka, palikuwa na pikipiki ya Isidori. Azza alizivua khanga moja moja, akizikunja. Chini yake Honda nyekundu, ya miaka ya sabini, iling'aa kama sahani ya kabatini.

Candida alisogea. Aliigusa siti kwa ncha za vidole.

Isidori aliinunua ujanani, akaipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda chuma. Kisha baba yake akafariki, na yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na kwa Wachaga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba na kubaki na mama. Ikambidi arudi Kibosho akashike kihamba, shamba la ukoo, na Candida akabaki na duka. Pikipiki aliiacha kwa Muhannad. Akamwambia, "Niwekee. Nikiiacha huku nitajua kwamba lazima nirudi." Muhannad aliipokea ikiwa inanguruma, akaiendesha yeye mwenyewe kutoka mlangoni mpaka uani, ndiyo ikawa mara yake ya kwanza na ya mwisho kuipanda.

Isidori alirudi kweli, lakini baada ya miaka mingi, na alirudi akichechemea. Alianguka kutoka juu ya mti akikata matawi yaliyokuwa yanaizidishia kahawa kivuli, nyonga ikavunjika ikaunga vibaya. Mguu wake haukuweza tena kuvuka siti. Muhannad hakuwahi kumuuliza hata siku moja, "Vipi pikipiki yako, unaiondoa lini?" Na watu wa Kariakoo wanajua maana ya jambo hilo. Hapa hata chini ya ngazi hupangishwa. Stoo ile ingeweza kujaa marobota ya mtu mwingine, lakini kona ya Isidori ilibaki kona ya Isidori. Alipofariki, Muhannad alikuja msibani, akasubiri watu wapungue, akamwambia Candida taratibu, "Shemeji, ile amana ipo. Siku yoyote." Candida akajibu, "Iache kwanza, Baba Dalia." Akaiacha, naye Muhannad akafariki, na ikaendelea kuachwa.

"Kila mwaka, ukikaribia mwezi wa Ramadhani, nikisafisha nyumba naisafisha na yeye," Azza alisema. "Naifungua pale marehemu alipokuwa anafungua, naipa mafuta, naifunga. Sijaruka mwaka."

"Naona," Candida alisema. "Mama Dalia, naona kabisa."

Jovin, mtoto wa Candida, alikuja jioni kuitoa. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maduka mawili ya vyombo. Aliipanda, akaweka mguu kwenye kiki, akakanyaga. Kiki haikushuka. Akasimama juu yake kwa uzito wake wote, ikambeba kama ngazi ya zege.

"Imenoki," alisema.

"Imefanya nini?" Azza aliuliza.

"Injini imeshikana, mama. Haizunguki."

Azza alimtazama, kisha akaitazama pikipiki. Khanga alizozikunja alikuwa bado amezikumbatia kifuani.

"Muhannad aliipokea inanguruma," alisema. "Na mimi nitaikabidhi inanguruma. Nikishindwa, basi safari nitamwambia Abdulmalik aniahirishie. Mtu atasimamaje Arafa na amana iliyomfia mkononi?"

"Mama Dalia, mimi mwenyewe nasema nimeipokea hivi hivi. Nimeridhika."

"Wewe unaridhika haraka. Ndiyo tabia yako, na nakupenda kwa hiyo. Lakini aliyeiweka hayupo aseme ameridhika."

Candida alimjua. Zamani, kwenye harusi ya Dalia, Azza aliazima sufuria kwake, ikarudi na kibonyeo cha ukubwa wa jicho la samaki. Alinunua mpya, na hata baada ya hapo alikaa wiki nzima bila kunywa hata maji nyumbani kwa Candida kwa aibu. Mtu wa namna hiyo akisema hasafiri, hasafiri.

Walipovuka barabara, Jovin alicheka chini chini. "Mama, hiki ni chuma chakavu. Nikuletee bodaboda mpya kutoka dukani kesho, imefungwa na nailoni yake."

"Sitafuti cha kupanda, Jovin. Natafuta Mama Dalia asafiri."

Jovin akaacha kucheka. Asubuhi yake alimleta mtu wa mkokoteni, Goodluck, akamlipa kabla mama yake hajatoka, ili asipate nafasi ya kubishana.

Kutoka Sikukuu mpaka Gerezani si mbali, lakini Kariakoo ina njia yake ya kurefusha mwendo. Goodluck alikokota, na Candida alitembea pembeni ameshika usukani wa Honda kama anamshika mgonjwa mkono. Maneno yalianza mtaa wa kwanza.

"Bibi, umesajili bodaboda? Nipeleke Mnazi Mmoja!"

"Panda," Candida alijibu. "Nikupeleke kwa mama yako akufundishe kusalimia kwanza."

"Aaa! Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Haya, sogeza hizo ndoo zako tupite."

Kijana akacheka, akasogeza ndoo, akamsogezea na mwenzake wa viatu vya mitumba meza yake yote na viatu juu yake. Mbele kidogo mzee mmoja aliyeuza kofia alisimama, akaitazama Honda mpaka ikampita. "Hizo zilikuwa pikipiki," alisema, kama anayetoa pole.

Fundi aliitwa Mwinyimvua. Karakana yake ilikuwa bati tatu na ukuta wa jirani. Umri wake ulikaribia sitini, na siku ile alivaa jezi ya kijani iliyopauka, ya timu ya wale wa Jangwani.

"Fundi, kwa jezi hiyo hata pikipiki itagoma," Goodluck alimwambia, akishusha.

"Nyinyi wekundu mshapigwa Jumamosi, sina neno na wafiwa," Mwinyimvua alisema. Kisha akamgeukia Candida, sauti ikabadilika. "Shikamoo mama. Mgonjwa ndiye huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye. Na ana siku chache." Akamweleza yote: amana, safari, na sharti la Azza.

Mwinyimvua alisikiliza mpaka mwisho. Hakutaja bei. Alimpangusia Candida benchi kwa jezi yake ya akiba, akamwambia, "Kaa hapa mama, kuna kivuli," akachukua spana.

Siku ya kwanza alifungua plagi, akamulika ndani, akaguna. Siku ya pili alishusha injini akaiweka mezani, akafungua kichwa cha silinda. Candida alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, na kopo la vifungo vilivyochanganyika. Alivichagua kwa rangi na ukubwa pajani, na mafundi wakazoea sauti ya vifungo vikidondoka koponi. Mchana mmoja jua liliposogea, mtu wa kuchomelea vyuma wa karakana ya pili, ambaye walikuwa hawajazungumza hata neno, alikuja akalisogeza benchi pamoja naye juu yake nusu hatua, akarudi kazini.

"Njoo uone kitu, mama," Mwinyimvua alimwita siku ile ya pili.

Pistoni ilikuwa imefunikwa na kitu cha kahawia, kigumu, chenye kung'aa. Aliikwangua kwa bisibisi. Haikutoka unga kama kutu. Ilitoka maganda.

"Hii si oili," alisema. "Oili ya injini haifanyi hivi. Subiri."

Aliwasha jiko la mkaa, akaiweka silinda juu kama mtu anayebandika maharage, akapunguza moto mpaka ukawa wa kupasha tu. Walisubiri. Harufu ilianza kidogo kidogo, ikapanda, ikaenea chini ya bati. Mchomeleaji aliinua miwani yake nyeusi.

"Nani anapika huko?"

"Mama," Mwinyimvua alisema, "mimi katika injini nimewahi kukuta mchanga. Nimekuta mende. Nimekuta hata hirizi. Lakini sambusa sijawahi."

Mafundi wakaangua kicheko. Candida hakucheka. Ile harufu aliijua. Miaka yote ya kuvuka barabara, jioni za Ramadhani ambazo Azza alimletea sahani iliyofunikwa kwa kawa, harufu ilikuwa hiyo. Mafuta ya ufuta, ambayo Azza aliyaita simsim, aliyoyaagiza kwa mtu anayemwamini na kuyaficha kwenye chupa nyuma ya mtungi ili wakwe zake wasiyamalize kwenye chapati. Naipa mafuta, alisema. Sijaruka mwaka.

"Ni ya kula," Candida alisema taratibu. "Amekuwa akiitia mafuta yake ya kula."

Mwinyimvua alihesabu kichwani. "Basi ndiyo hiyo. Yanakauka, yanakuwa gundi, kama chini ya kikaango kisichosuguliwa. Mwaka juu ya mwaka. Wanasema hisani haiozi, mama." Akagonga pistoni kwa kipande cha mti. "Kumbe huganda."

Safari hii Candida alicheka, mpaka akapangusa macho kwa pindo la kitenge. Halafu akasema, "Mwanangu, neno hili lisitoke hapa. Akijua ni mkono wake, haendi popote."

"Mimi sijui kitu. Mimi nilikula sambusa tu."

Kazi ikaendelea. Aliloweka kwa dizeli, akapasha, akagonga, akaloweka tena. Pistoni ilisogea unene wa ukucha, kisha wa kidole, mwishowe ikatoka yote kwa mlio kama wa kizibo. Lakini ringi moja ilibaki imegandia, na alipoilazimisha ikakatika. Ringi ya Honda ya miaka ile haipo tena Kariakoo, maana Kariakoo siku hizi ni mali ya bodaboda. Mwinyimvua alimtuma Candida kwa Kasmir, muuza spea mzee wa Mtaa wa Lindi, na pistoni imefungwa kwenye gazeti. Kasmir alimwaga makopo yake yote juu ya kaunta, akapima ringi moja baada ya nyingine huku wateja wenye haraka wakimzomea. Wakati wa adhana ya alasiri aliinua moja. "Hii ukiipiga tupa kidogo itakaa. Mwambie Mwinyimvua asiipige kama anachonga mwiko." Alipoulizwa bei alitikisa mkono. "Hiyo imekaa humu tangu duka la baba yangu. Itoke ikaone dunia."

Azza, aliyekuwa ameizoea simu sasa, alipiga kila jioni, na kila jioni Candida alizungukazunguka.

"Mgonjwa anaumwa nini hasa?"

"Uzee tu, Mama Dalia."

"Uzee gani wa kuganda? Sisi wazee tunalegea, hatugandi."

"Basi vyuma ni tofauti na sisi."

"Mama Jovin, umekuwa unanijibu kifupi."

"Nimechoka tu."

Lakini hakuwa amechoka. Alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Kesho yake, huku mikono ikichagua vifungo, aliligeuza kichwani. Azza atakuja kwake siku ya kuaga, atasema, nisamehe yote niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua. Na yeye atasema, nimekusamehe. Lakini atakuwa analijua moja ambalo mwenzake halijui, tena amelificha makusudi. Si kwamba alikuwa na kinyongo, hata chembe. Ila ilikuwa kama kumfungia mtu mzigo wa safari na kumwekea ndani kitu bila kumwambia. Akimwambia, Azza habebi mzigo kabisa. Asipomwambia, anaubeba bila kujua kilichomo. Alivichanganya vifungo vyeusi na vya bluu, ikabidi aanze upya.

"Fundi," alisema, "ile gundi, mbali na kuikamata injini, iliharibu nini kingine?"

Mwinyimvua aliinua kichwa. "Iliharibu? Tazama." Akamleta mbele ya silinda, akapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka safi. "Unaona kutu? Hakuna. Hapa tuko hatua mbili kutoka baharini, mama. Pale bandarini vyuma vya juzi vinaliwa kama mkate. Pikipiki ikikaa miaka yote hii kavu, silinda huwa ina mashimo kama ubao wa mchwa, unaitupa. Hii ilikuwa imekaangwa. Kikaango chenye mafuta hakishiki kutu."

"Kwa hiyo aliiponya?"

"Aliizuia kutembea, akaizuia na kuoza. Vyote viwili. Mimi nimesafisha ndani yote, imebaki eksozi tu. Humo nimegonga gonga, yaliyobaki yataungua yenyewe."

Candida alirudi kwenye benchi na vifungo vyake akiwa mwepesi kidogo. Hata hivyo hakuamua. Alijisemea atatafuta nafasi nzuri.

Nafasi haikumngoja. Siku chache kabla ya safari, asubuhi, Mwinyimvua aliikokota Honda mpaka mlangoni kwa Azza. Alikataa kuiwasha karakanani. Alisema kitu kilichopokewa pale mlangoni kingurume pale pale, na akabadilisha jezi, akavaa shati. Azza alikaa kwenye kiti barazani, amevaa baibui jipya la safari. Abdulmalik alisimama nyuma yake. Jovin alikuja, ameacha duka. Wauza ndoo na viatu wakasogea, maana Kariakoo hakuna jambo la watu wawili.

Mwinyimvua alifungua petroli, akasema bismillahi, akapiga kiki.

Kimya.

"Fundi, jezi uliacha nyumbani lakini mkosi umekuja nao!" Ilikuwa sauti ya Goodluck, nyuma kabisa.

Akapiga tena. Ikakohoa. Azza alikuwa ameshika tasbihi bila kuihesabu. Candida hakuitazama pikipiki. Alimtazama yeye. Kiki nyingine, ikakohoa mara mbili, ikakamata, ikanguruma, sauti nene ya zamani ambayo bodaboda hazina. Watu wakapiga makofi. Jovin, mwenye kitambi chake na maduka yake mawili, aligeukia ukuta ghafla, akajifanya anasoma tangazo la chumba cha kupanga.

Kisha eksozi ikatoa moshi. Ulikuwa mweupe, mzito, na ulipofika kwa watu pua zote ziliinuka.

"Nani anachoma maandazi?"

"Bibi, hii pikipiki inatumia mafuta ya nini? Nataka kilo!"

Watu walicheka. Azza hakucheka. Alivuta hewa mara moja, akavuta tena. Tasbihi ikashuka pajani. Aliinua mkono, na Mwinyimvua akazima.

"Mama Jovin," alisema. "Harufu hiyo ni ya jikoni kwangu."

Candida alisogea, akakaa kwenye ngazi ya baraza, chini kidogo ya kiti chake. "Ni ya jikoni kwako."

"Ndiyo iliyoigandisha?"

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua tangu siku ya pili. Nikaogopa utaahirisha safari, nikakuficha. Hilo ni kosa langu, nalo nilikuwa nakuja kulisema."

Azza alitazama mikono yake. "Marehemu alikuwa anatumia ile oili nyeusi ya kopo. Ilipokwisha, nilikwenda kuangalia dukani, nikaona inanuka, chafu. Nikasema, mimi kitu cha watu nitakipaje kitu ambacho siwezi kukitia mdomoni? Nikakipa nilichokuwa nakula mwenyewe. Kizuri kuliko vyote ndani." Akatikisa kichwa. "Nikaiua."

"Hukuiua. Fundi, mwambie kuhusu kutu."

Mwinyimvua alimwambia, kwa heshima, akichuchumaa mbele yake: silinda isiyo na shimo, hewa ya bahari, kikaango. Azza alimsikiliza kama anavyosikilizwa daktari, akauliza mara mbili kama anasema kweli au anambembeleza mtu mzima. Mwinyimvua akamwonyesha kidole chake. "Mama, kwa Mungu mmoja. Ringi moja tu ndiyo imebadilishwa, na hiyo niliivunja mimi."

Azza akaiokota tasbihi pajani. Mtaa wote, kwa namna ya ajabu, ukamngoja. Ikasikika spika moja tu, mbali, ikitangaza dawa ya mende.

"Basi Candida," alisema, na Candida akashtuka kusikia jina lake. "Siku ya kuaga nilikuwa nije nikuombe radhi ya jumla jumla, kama watu wote. Ile haitoshi. Nakuomba radhi kwa jambo hili lenyewe, kwa jina lake. Niliitia amana ya mumeo mafuta ya simsim, ikaganda. Nisamehe, wewe na yeye."

"Kwa jambo hilo lenyewe, Azza, nimekusamehe, na Isidori amekusamehe. Nakushukuru kwa kona ya stoo, na kwa kila mwaka ambao hukuuruka. Na wewe nisamehe kwa kukuficha."

"Nimekusamehe. Ulinificha vibaya lakini. Uzee, ati." Midomo ya Azza ikaanza kucheza, na kicheko kikatoka, kwanza kidogo, kisha chote, mpaka Abdulmalik akamshika bega. "Ati vyuma ni tofauti na sisi!"

Alipotulia, alisimama, akaushika usukani wa Honda kwa mkono mmoja na mkono wa Candida kwa mwingine, akaviunganisha. "Umepokea?"

"Nimepokea."

"Mashahidi mpo?"

"Tupo!" wakajibu wauza ndoo.

Sasa ikabaki shida moja ambayo hakuna aliyeifikiria. Candida aliishi ghorofa ya tatu, na duka lake lilijaa zipu mpaka mlangoni. Alitazama juu, akatazama dukani, akamtazama Jovin, ambaye aliyawaza maduka yake ya vyombo yaliyojaa, akatikisa kichwa.

"Mama Dalia," Candida alisema, "ile kona bado iko wazi?"

Azza aliweka mikono kiunoni. "Nimetoka kuikabidhi sasa hivi. Watu hata hawajatawanyika."

"Najua."

"Nakwenda Makka, sina wa kuiangalia."

"Nitaiangalia mimi. Nipe ufunguo wa stoo. Nitakuja kila Jumamosi, niiwashe kidogo, na maua yako niyamwagilie. Ukirudi utaukuta ufunguo kwangu."

Azza alifungua pindo la mtandio, akautoa ufunguo, lakini hakuuachia mara moja. Alimgeukia Mwinyimvua.

"Wewe baba, mafuta inayotaka ni yapi? Nitajie vizuri, mbele ya huyu, na mbele ya mwanangu."

Mwinyimvua akamtajia, na kwa usalama zaidi akatoa kopo kwenye begi lake, jeusi, lenye kunuka, akamkabidhi. Azza alilinusa, akakunja uso, akampa Candida kopo na ufunguo pamoja.

"Ndiyo chakula chake, basi," alisema. "Maskini."